Mizani Mbili, Meza Moja: Miaka Sabini ya Mkutano wa Watakwimu wa Ulaya

Katika Umoja wa Kisovieti, treni iliyobeba makaa ya mawe iliingizwa katika pato la taifa. Treni iliyobeba abiria haikuingizwa, hata kama ilipita juu ya reli zilezile na kuvutwa na kichwa cha aina ileile. Kusafirisha makaa kulikuwa uzalishaji. Kumsafirisha mtu kwenda kumwona mama yake kulikuwa matumizi. Kwa kanuni hiyohiyo, mwalimu, daktari, kinyozi na karani wa benki walifanya kazi kutwa nzima bila jasho lao kuongeza chochote katika hesabu kuu ya nchi.

Upande wa magharibi wa bara hilohilo abiria alihesabiwa, na mwalimu, na kinyozi. Mtu aliyetaka kujua ni upande gani uliokua haraka zaidi alikuwa kama anayelinganisha pishi na ratili. Vipimo vyote viwili ni halali sokoni, lakini kimoja hupima ujazo na kingine uzito.

Palikuwa na mahali pachache ambapo wataalamu wa pande zote mbili waliweza kukaa na kuizungumza tofauti hiyo bila kurushiana maneno. Mojawapo ni Palais des Nations, jumba la Umoja wa Mataifa mjini Geneva. Huko ndiko kilikofanyika, mwaka 1953, kikao kikuu cha kwanza cha Mkutano wa Watakwimu wa Ulaya. Ulikuwa mwaka uleule aliofariki Stalin. Vikao viliendelea mwaka baada ya mwaka, na cha 70 kilifanyika 2022. Historia ya taasisi hii ni ya watu wa majedwali na tanbihi, na bila kazi yao nchi zilizoacha uchumi wa mpango miaka ya 1990 zingechelewa sana kujua zimesimama wapi.

Kabla ya pazia la chuma na nyuma yake

Wazo la mataifa kuhesabu kwa namna moja halikuanza na Umoja wa Mataifa. Desemba 1928, palepale Geneva, Shirikisho la Mataifa lilisimamia mkataba wa kimataifa wa takwimu za uchumi. Nchi zilizotia saini zilikubaliana juu ya takwimu za kukusanya na kuchapisha: za biashara ya nje, za kilimo, za viwanda, za bei. Vita Kuu ya Pili ikavuruga mengi, lakini hitaji likabaki. Umoja wa Mataifa ulipounda Tume yake ya Uchumi kwa Ulaya mwaka 1947, na kuiweka chini ya mchumi wa Sweden, Gunnar Myrdal, haikupita miaka mingi kabla ya wakuu wa ofisi za takwimu kupewa kiti chao ndani ya tume hiyo.

Jina la Mkutano huo halitaji ukubwa wake wote. Marekani na Canada ni wanachama, na jamhuri za Asia ya Kati vilevile, kwa sababu mipaka ya Tume inapita mbali na ramani ya Ulaya. Lugha za kazi ni 3: Kiingereza, Kifaransa na Kirusi. Kirusi kilipewa nafasi hiyo tangu enzi ambazo maneno "pato la taifa" yalikuwa na maana mbili ndani ya chumba kimoja.

Maana ya kwanza ilipata umbo lake mwaka huohuo wa 1953, Umoja wa Mataifa ulipochapisha mfumo wa hesabu za taifa ulioandaliwa chini ya Mwingereza Richard Stone, ambaye baadaye, mwaka 1984, alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Ya pili ilikuwa na asili yake Moscow, katika mizania ya uchumi wa mwaka 1923/24 iliyotengenezwa chini ya Pavel Popov, mkuu wa kwanza wa ofisi kuu ya takwimu ya Kisovieti. Kutokana na kazi hiyo ulikua mfumo wa pato la vitu: kilichohesabiwa ni kile kilicholimwa, kilichochimbwa, kilichojengwa au kilichotengenezwa, pamoja na usafirishaji na biashara ya vitu hivyo. Mwaka 1971 Umoja wa Mataifa uliuchapisha mfumo huo pia, na ikawa kazi ya watakwimu kutafuta njia ya kuvuka kutoka hesabu moja hadi nyingine.

Kazi hiyo haikuwa na mbwembwe. Ilikuwa ya kuchukua safu moja ya jedwali la Budapest, kuondoa hiki, kuongeza kile, na kuona kama inafanana na safu ya jedwali la Vienna. Hungary ilianza mapema kukokotoa hesabu za aina zote mbili, na wataalamu wake wakawa kama wakalimani kati ya mizani mbili. Miaka yote hiyo, watu wa pande zile mbili walizoeana. Walijua nani anaaminika na nani anasoma tu alichoandikiwa. Mazoea hayo yangekuja kuwa na thamani kubwa kuliko jedwali lolote.

Sensa iliyofungiwa kabatini

Ili kuelewa watakwimu wa mashariki walibeba nini mioyoni, inafaa kurudi nyuma hadi tarehe 6 Januari 1937. Siku hiyo makarani wa sensa walienea nchi nzima ya Kisovieti, wakigonga milango katikati ya baridi kali. Sensa ilipangwa ikamilike kwa siku moja. Dodoso lilikuwa fupi, na ndani yake lilikuwamo swali la dini: je, mhojiwa ni muumini?

Matokeo yalikuwa mabaya mara mbili kwa serikali. Kwanza, zaidi ya nusu ya watu wazima walijibu kuwa wana imani, miaka 20 baada ya mapinduzi yaliyotangaza kuifuta dini. Pili, idadi ya watu ilikuwa milioni 162, wakati serikali ilikuwa ikitarajia kiasi cha milioni 180. Katikati ya makadirio na ukweli palikuwa na kaburi la njaa ya 1932 na 1933, iliyoua mamilioni ya watu na ambayo magazeti hayakuitaja.

Septemba mwaka huohuo sensa ikatangazwa kuwa na kasoro na matokeo yake yakafutwa. Ivan Kraval, aliyeongoza ofisi ya takwimu, alikamatwa na kupigwa risasi. Olimpiy Kvitkin, aliyesimamia sensa yenyewe, naye akauawa. Mwaka 1939 ilifanyika sensa nyingine, na safari hii idadi ilipanda hadi milioni 170. Kwa vizazi viwili vilivyofuata, kila kijana aliyeingia ofisi ya takwimu alijua kisa hicho hata kama hakuna mtu aliyemsimulia kwa sauti.

Hofu hiyo ilizaa tabia. Mkurugenzi wa kiwanda au wa shamba la ushirika alikuwa na lengo la mpango. Akilifikia alipewa bonasi, akishindwa alifukuzwa. Kwa hiyo alijaziliza. Kirusi kina neno la jambo hilo, pripiski, na kila mtu alilijua. Kashfa kubwa kuliko zote ilifichuka Uzbekistan miaka ya 1980, ambako kwa miaka mingi serikali kuu ililipia pamba ambayo haikuwahi kuchumwa. Katika mashamba hewa hayo, takwimu ndiyo iliyokuwa zao pekee lililokomaa.

Februari 1987 jarida la Novy Mir la Moscow lilichapisha makala ya mwandishi wa habari Vasily Selyunin na mchumi Grigory Khanin. Hesabu rasmi zilidai kuwa kati ya 1928 na 1985 pato la nchi lilikuwa limekua karibu mara 90. Waandishi hao walikokotoa upya na kupata mara 6 hadi 7. Kwa msomaji wa kawaida makala ile ilikuwa mshtuko. Kwa watakwimu wengi ilikuwa nafuu: hatimaye mtu alikuwa amelisema hadharani jambo walilolijua.

Vibanda vilipochipua

Kisha kila kitu kikabadilika kwa pamoja. Mwaka 1989 serikali za kikomunisti zilianguka Warsaw, Prague, Budapest na Berlin Mashariki. Desemba 1991 Umoja wa Kisovieti ukavunjika na kuacha nchi 15. Ofisi za takwimu za Chisinau, Bishkek au Yerevan, ambazo zilizoea kujaza fomu na kuzituma Moscow, ziliamka asubuhi zikiwa ofisi za taifa, zikitakiwa kuieleza serikali yao mpya hali ya uchumi wake.

Vyombo walivyokuwa navyo havikufaa tena. Mfumo wa zamani ulimtaka kila mkurugenzi wa kiwanda ajaze fomu kila mwezi, na viwanda vilikuwa vichache, vikubwa, vya serikali. Sasa vibanda vilichipua kila kona ya barabara, magendo yakawa biashara, na maelfu ya kampuni ndogo zikafunguliwa na kufungwa bila ofisi ya takwimu kupata habari. Hakukuwa na rejista ya biashara ya kuaminika. Uchukuaji wa sampuli, ambao wenzao wa magharibi waliutumia kila siku, haukuwa na mizizi katika kazi za kila mwezi. Hata utafiti wa bajeti za kaya ulipata familia zake kupitia mahali pa kazi badala ya mahali pa kuishi, kwa hiyo wastaafu na watu wasio na ajira ya serikali hawakuonekana sawasawa.

Sababu ya kudanganya nayo iligeuka uso. Mkurugenzi aliyekuwa akijaziliza ili apate bonasi sasa alipunguza ili akwepe kodi. Ofisi ikipokea fomu zilezile kutoka kwa watu walewale ilikuwa inapima woga wao kwa mtozakodi.

Tatizo lililobana kuliko yote lilikuwa bei. Tarehe 2 Januari 1992 Urusi iliziacha bei nyingi zipande zenyewe, na hadi mwaka unaisha zilikuwa zimepanda kwa asilimia 2,500 hivi. Ukraine mwaka 1993 ilipita asilimia 10,000. Pensheni, mishahara na riba vyote vilihitaji fahirisi ya bei, na fahirisi ya zamani ilijengwa kwa orodha za bei za serikali ambazo hazikuwa na maana tena dukani.

Fahirisi inayoaminika huanza na mtu mmoja mwenye daftari. Huenda sokoni siku ileile ya mwezi, katika maduka yaleyale, akaangalia mkate wa uzito uleule, sabuni ya aina ileile, lita ileile ya mafuta ya kupikia, akaandika bei anayolipa mnunuzi na si ile iliyobandikwa ukutani. Duka likifungwa hutafuta linalofanana nalo na kueleza kwa nini. Mkate ukipungua uzito bei ikabaki palepale, huandika kuwa bei imepanda. Wataalamu wa Shirika la Fedha la Kimataifa walisaidia kuweka utaratibu huo katika nchi moja baada ya nyingine, na kazi nyingi ilikuwa ya namna hiyo: kukubaliana juu ya kapu la bidhaa, mizani ya kila bidhaa ndani ya kapu, na la kufanya bidhaa inapotoweka.

Pato la taifa nalo lilihitaji macho mapya. Mwaka 1995 watakwimu wa Urusi na wa Benki ya Dunia walikamilisha kazi ya pamoja ya kukokotoa upya miaka ya kwanza ya mpito. Hesabu za awali zilionyesha uchumi umeporomoka kwa karibu nusu. Zilipoongezwa huduma na shughuli ambazo fomu za zamani hazikuzinasa, anguko lilikaribia thuluthi moja. Lilikuwa bado anguko la kutisha, lakini tofauti kati ya nusu na thuluthi ni maisha ya mamilioni ya watu waliokuwa wakiuza, wakishona, wakiendesha magari na kufundisha bila kuonekana.

Kanuni kumi

Katika msukosuko huo wakuu wa ofisi za takwimu za Ulaya ya Kati walikuja Geneva na ombi ambalo lilizidi kompyuta. Wanasiasa wapya walikuwa wameingia madarakani, wengi wao wakiwa na nia njema, lakini wachache walielewa kwa nini ofisi ya takwimu haipaswi kupokea simu ya waziri kabla ya kutangaza mfumuko wa bei. Watakwimu walihitaji karatasi ya kuweka mezani, yenye mhuri wa kimataifa, inayosema takwimu rasmi ni nini na ni za nani.

Mkutano ulikamilisha karatasi hiyo mwaka 1991, na Aprili 1992 Tume ya Uchumi kwa Ulaya ikaipitisha. Ni Kanuni za Msingi za Takwimu Rasmi, 10 kwa idadi, zinazoweza kusomwa kwa dakika tano. Ya kwanza inasema takwimu rasmi ni haki ya raia, na zitolewe kwa wote bila upendeleo. Nyingine zinasema mbinu zichaguliwe kwa sababu za kitaalamu. Vyanzo na njia vielezwe wazi. Ofisi ina haki ya kusema hadharani takwimu zinapotafsiriwa vibaya. Taarifa za mtu mmoja mmoja zitunzwe kwa siri na zitumike kwa takwimu tu. Na sheria zinazoongoza kazi hiyo zitangazwe.

Kanuni ya 10 inasema kwamba ushirikiano kati ya nchi na nchi, na kati ya nchi nyingi kwa pamoja, hustawisha mifumo ya takwimu ya nchi zote. Walioiandika hawakusema "ya nchi maskini" wala "ya nchi za mashariki". Aprili 1994 Kamisheni ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa ikazichukua Kanuni hizo kwa dunia nzima.

Mtakwimu kwa mtakwimu

Fedha za kazi hiyo zilitoka pande nyingi. Umoja wa Ulaya ulikuwa na mpango wa Phare, ulioanzishwa 1989 kwa ajili ya Poland na Hungary kisha ukapanuliwa, na mpango wa Tacis kwa nchi zilizokuwa za Kisovieti. Benki ya Dunia ilitoa mikopo. Sweden, Ujerumani, Ufaransa, Uingereza na Marekani zilituma wataalamu kutoka ofisi zao za takwimu. Geneva ilikuwa mahali pa kuzuia wahisani wasigongane mlangoni, na mahali ambapo mkuu wa ofisi ndogo aliweza kuuliza mbele ya wote kwa nini ameletewa mafunzo yaleyale mara tatu.

Kilichozaa matunda zaidi ni watu wa fani moja kukaa pamoja. Mtu aliyesimamia rejista ya biashara Stockholm akikaa wiki mbili na mwenzake wa Tirana, wakifungua faili moja moja, walielewana haraka kuliko mshauri wa kukodi na kitabu chake kizito. Na baadhi ya waliotoa msaada walikuwa na historia yao wenyewe. Ivan Fellegi alizaliwa Szeged, Hungary, mwaka 1935, akakimbia nchi yake baada ya uasi wa 1956 kuzimwa, akaingia kazini katika ofisi ya takwimu ya Canada, na kuanzia 1985 hadi 2008 akawa mkuu wake. Hungary ilipotoka katika ukomunisti, mtu aliyeondoka akiwa mkimbizi aliombwa ushauri juu ya takwimu za nchi alikozaliwa.

Makosa yalikuwepo. Kompyuta zilifika kabla ya umeme wa uhakika na kabla ya programu za lugha ya wenyeji. Vijana waliopata mafunzo ya hesabu za taifa na Kiingereza walichukuliwa na benki zilizolipa mara kadhaa ya mshahara wa serikali. Kuna tafiti za kaya zilizofanyika vizuri mara moja, kwa fedha za mhisani, kisha zikasimama fedha zilipokatika. Na mafunzo hayakuwa dawa ya kila ugonjwa: Juni 1998 mkuu wa takwimu wa Urusi alikamatwa kwa tuhuma za kuharibu takwimu za makampuni ili yakwepe kodi. Mwaka uliofuata nchi hiyo ilipata mkopo wa dola milioni 30 wa Benki ya Dunia wa kujenga upya mfumo wake wa takwimu.

Kirgizstan inaonyesha jinsi kazi ya subira inavyofanyika. Ni nchi ya milima, iliyohesabu watu milioni 4.8 katika sensa yake ya 1999. Iliacha rubo na kuanzisha sarafu yake, som, Mei 1993, ikiwa ya kwanza Asia ya Kati. Vuli ya mwaka huo ilifanya utafiti wake wa kwanza wa umaskini kwa sampuli ya kaya, kwa msaada wa nje. Tafiti zilifuatana, zikarekebishwa, hadi mwaka 2003 ulipoanza utafiti jumuishi wa kaya unaofanyika kila robo mwaka katika kaya 5,000 hivi. Mdadisi hurudi katika nyumba ileile majira hata majira. Mama wa nyumba huwa na daftari la kuandika kilichonunuliwa na kilicholiwa, pamoja na viazi vya shambani kwake na maziwa ya ng'ombe wake, kwa sababu kaya ya mlimani isiyonunua chakula sokoni si lazima iwe kaya yenye njaa. Mwaka 2004 nchi hiyo ilijiunga na kiwango maalumu cha Shirika la Fedha cha kutangaza takwimu, kinachoitaka serikali ichapishe kalenda ya siku ambazo kila takwimu itatoka. Waziri na muuza duka wanaiona kalenda ileile.

Hesabu ya Desemba

Mongolia si mwanachama wa Tume ya Uchumi kwa Ulaya, lakini imeshiriki katika shughuli za Mkutano, na njia yake inafanana na ya wenzake wa mashariki. Ofisi yake ya takwimu ilianzishwa 1924. Chini ya ukomunisti ilitumia mfumo wa pato la vitu. Baada ya mageuzi ya 1990 ikahamia mfumo wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 1997 ikawekwa chini ya Bunge badala ya serikali, ili mkuu wake asiwe mtumishi wa waziri anayepimwa na takwimu hizo.

Kitu kimoja hakikubadilika. Kila Desemba, kukiwa na baridi inayogandisha maji ndani ya ndoo, nchi nzima huhesabu mifugo: farasi, ngamia, ng'ombe pamoja na yaki, kondoo na mbuzi. Wakati wa mashamba ya ushirika mnyama alikuwa na mwenye kumjibia mmoja. Mifugo ilipogawiwa watu binafsi miaka ya 1990, mhesabuji akalazimika kufuata hema moja baada ya nyingine katika nyika pana. "Mali bila daftari hupotea bila habari," wasema wahenga wa Kiswahili, na mfugaji wa Gobi angeuelewa msemo huo bila mkalimani. Mwaka 1990 walihesabiwa wanyama milioni 25.9. Mwaka 2019 walikaribia milioni 71. Katikati ya miaka hiyo, kipupwe cha 2009 na 2010 kiliua zaidi ya milioni 8. Kwa sababu hesabu ilikuwepo kabla ya maafa, hasara iliweza kujulikana wilaya kwa wilaya.

Mlango wa Umoja wa Ulaya, na waliobaki nje

Tarehe 1 Mei 2004 nchi 8 zilizokuwa za kikomunisti ziliingia Umoja wa Ulaya: Poland, Hungary, Czech, Slovakia, Slovenia, Estonia, Latvia na Lithuania. Takwimu zilikuwa moja ya sura za majadiliano ya kuingia, na kila ofisi ilikaguliwa sheria kwa sheria. Kwa upande wa nchi zilizobaki mashariki, Mkutano na washirika wake walifanya tathmini za mifumo mizima, kutoka Armenia na Azerbaijan hadi Moldova na Kirgizstan. Wakaguzi walisoma sheria, wakahoji watumiaji, wakauliza ni nani anayemteua mkuu wa takwimu na ni nani anayeweza kumfukuza.

Si kila mahali palipofunguka. Turkmenistan ilifanya sensa mwaka 2012 na miaka ikapita bila matokeo kutangazwa rasmi. Wala wazee wa soko huria hawakuwa na kinga. Mwaka 2009 Ugiriki, mwanachama wa Umoja wa Ulaya wa miaka mingi, ilikiri kuwa nakisi ya bajeti yake ilikuwa mara kadhaa ya ile iliyotangaza. Andreas Georgiou, aliyeteuliwa kuongoza ofisi mpya ya takwimu mwaka 2010 na kuzisahihisha hesabu hizo kwa kanuni za Ulaya, aliandamwa na kesi mahakamani kwa miaka mingi baadaye. Jumuiya ya watakwimu wa dunia ilimtetea ikishikilia Kanuni zilezile zilizoandikwa kwa ajili ya Warsaw na Budapest.

Kanuni hizo zilisafiri pia kuja Afrika. Mkataba wa Afrika wa Takwimu, uliopitishwa Addis Ababa mwaka 2009, umejengwa juu ya msingi huohuo. Mikopo ya Benki ya Dunia ya kujenga mifumo ya takwimu, iliyoanza 2004 kwa Burkina Faso na Ukraine, ilifika Kenya mwaka 2007 na Tanzania 2011. Septemba 2018 Bunge la Tanzania lilibadili Sheria ya Takwimu na kuifanya iwe kosa kutangaza takwimu zinazopingana na zile rasmi. Mjadala uliofuata, ndani na nje ya nchi, ulirudi kwenye swali la Geneva la 1991: je, takwimu rasmi hulindwa kwa kuwanyamazisha wengine, au kwa kueleza wazi zilivyopatikana? Juni 2019 sheria ilirekebishwa tena na kosa hilo likaondolewa.

Kinachofanyika sasa

Katika vikao vya karne hii lugha imebadilika. Zamani mashariki ilijifunza na magharibi ikafundisha. Sasa Estonia, yenye rejista za kidijiti zinazoungana, huulizwa maswali na nchi zilizokuwa zikiipa msaada. Mwaka 2009 wataalamu wa Mkutano walitoa ramani ya kazi ya takwimu, ambayo leo ina hatua 8, kuanzia kuuliza mtumiaji anahitaji nini hadi kutathmini kilichofanyika. Imechukuliwa na ofisi za mabara yote kwa sababu rahisi: karani wa Ulaanbaatar na karani wa Ottawa wanaweza kunyoosha kidole kwenye hatua ileile na kujua wanazungumzia kitu kimoja.

Tarehe 29 Januari 2014 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliziidhinisha Kanuni 10, miaka 23 baada ya kukamilishwa Geneva. Azimio la Baraza Kuu ni chombo anachoweza kukishika mkuu wa takwimu wa nchi yoyote anapoitwa na kuulizwa kwa nini idadi haikutoka kama ilivyotarajiwa.

Kraval na Kvitkin hawakuwa na chombo hicho. Majedwali ya sensa yao yalikaa katika nyaraka za siri kwa zaidi ya nusu karne. Yalitolewa na kuchapishwa Moscow katika kitabu chembamba mwaka 1991, mwaka uleule ambao wenzao waliokuwa Geneva walikamilisha Kanuni. Idadi ya watu, pamoja na jeshi, ilikuwa imeandikwa hadi mtu wa mwisho: 162,003,225.